Kuwa Hai na Kuishi: Haki ya Uhai katika Historia ya Dodoma

Mwezi wa Juni mwaka 1994, katika Mahakama Kuu ya Tanzania iliyoketi Dodoma, Jaji James Mwalusanya alikuwa na watu wawili mbele yake waliokwisha kupatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Sheria ya nchi ilimwekea njia moja tu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilimtaka atamke adhabu ya kifo, na kifungu cha 26 kiliitaja namna yake, yaani kunyongwa. Jaji hakuitamka. Aliuliza kwanza kama adhabu hiyo yaweza kukaa pamoja na Katiba, akazisikiliza hoja za pande zote mbili, na tarehe 22 Juni akaamua kwamba haiwezi. Watu wale wawili akawahukumu kifungo cha maisha.

Kesi hiyo, ijulikanayo na wanasheria kwa jina la Jamhuri dhidi ya Mbushuu, imekwisha kuelezwa mara nyingi na wataalamu wa sheria. Lakini habari ya lugha haikupewa nafasi kubwa katika maelezo hayo. Ibara iliyobishaniwa imeandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha ya asili ya Katiba yenyewe. Walakini hukumu zote mbili, ile ya Dodoma na ile ya rufani iliyofuata, ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: uhai na maisha. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya wenye kutunga kamusi peke yao. Imo ndani ya ibara, imo katika historia ya nyanda za kati, nayo yagusa shingo za watu.

Maneno ya ibara

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilipitishwa na Bunge Maalum tarehe 25 Aprili 1977. Wakati huo haikuwa na sehemu ya haki za binadamu. Sehemu hiyo iliingizwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1984. Ndani yake liko fungu lenye kichwa cha maneno "Haki ya Kuishi", nalo lakusanya ibara nne. Ibara ya 15 yahusu uhuru wa mtu binafsi, ya 16 faragha na usalama wa mtu, na ya 17 uhuru wa mtu kwenda atakako. Ibara ya 14, iliyo ya kwanza katika fungu, yatajwa pembeni kuwa ni "Haki ya kuwa hai". Mtu aingiapo ndani ya ibara hiyo hukuta maneno yamebadilika tena: kila mtu ana haki ya kuishi, na tena ana haki ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria.

Basi katika nafasi ndogo sana yamewekwa maneno matatu: kuwa hai, kuishi, na maisha. Yote matatu asili yake ni Kiarabu, na mawili ya mwisho yatoka katika shina moja. Lakini neno likiisha kuingia katika lugha nyingine hushika kazi za lugha hiyo, na kazi za maneno haya katika Kiswahili si moja.

Neno "hai" halina daraja. Mtu yu hai au hayu hai. Hapana mtu aliye hai zaidi kuliko jirani yake. Neno "ishi" ni tofauti. Kitenzi hiki hupokea mahali, namna na njia: mtu huishi Kondoa, huishi kwa shida, huishi kwa kilimo. Mtu akijaribu kusema "yu hai kwa kilimo", msikilizaji atashtuka, maana neno lile halikuumbwa kwa kazi hiyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka katika maana za "ishi" ile ya kudumu, na ndiyo maana kuishi ni jambo lenye urefu, lenye mwanzo na mwendo. "Maisha" nayo imebeba maana mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni riziki na hali ya mtu, ambayo ndiyo maana ya karibu ya neno la Kiarabu lililoizaa. Watu husema maisha magumu, gharama za maisha, kutafuta maisha. Hakuna asemaye gharama za uhai. Ya pili ni muda wote wa kuwapo kwa mtu, kama katika "kifungo cha maisha".

Yafaa kutaja pia neno ambalo waandishi wa Katiba hawakulichukua. "Uzima" latoka katika shina la Kibantu lenye maana ya ukamilifu na afya, na lugha nyingi za jamaa ya Kiswahili zinalo kwa sura mbalimbali. Mtu mzima ni mtu kamili, na mgonjwa aliyepona husemwa kuwa mzima. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilipenda neno hilo walipotaka kusema habari za uzima wa milele. Sheria haikulichukua. Yaonekana sheria ilitaka maneno mawili yenye mipaka iliyo wazi zaidi: moja la kusema kwamba mtu asiuawe, na jingine la kusema kwamba maisha yake yahifadhiwe.

Hilo la pili ndilo jambo kubwa. Msomaji aliyezoea Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, au Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, huifikiri haki ya uhai kuwa hasa ni katazo: dola isimnyang'anye mtu uhai wake. Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania ina katazo hilo, lakini haikomei hapo. Yamtaja mdaiwa, naye ni jamii. Jamii yadaiwa hifadhi. Na kitu kinachohifadhiwa hakikuitwa uhai, bali maisha.

Hifadhi katika nchi ya ukame

Mtu aweza kuuliza kwa nini habari hii itafutwe Dodoma, ikiwa kesi ingaliweza kusikilizwa Mwanza au Tanga. Jibu ni kwamba nyanda za kati zilijua hifadhi ya maisha na kukosekana kwake muda mrefu kabla neno hilo halijaandikwa katika sheria yoyote. Ugogo ni nchi ya mvua ya msimu mmoja, ianzayo kwa kawaida mwezi wa Desemba na kumalizika Aprili, nayo ni mvua isiyoaminika. Wenyeji walilima uwele na mtama kwa sababu ni nafaka zistahimilizo ukame, na walifuga ng'ombe kwa sababu ng'ombe huhama na mtama hauhami. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usimwache mikono mitupu. Njaa ilipoingia, watu walikwenda kuhemea kwa jamaa waliokuwa na chakula. Misafara ya Bagamoyo na Tabora, iliyopita Ugogo katika karne ya 19, ililipa hongo kwa watemi kabla ya kupata maji na chakula. Kwani katika nchi ile maji na chakula vilikuwa na wenyewe, na mpitaji hakujichukulia tu.

Hayo yote yalikuwa ni hifadhi, ingawa hayakuitwa haki. Nguvu yake ilitegemea kwamba jirani awe na kitu cha kutoa. Vita vya kwanza vya dunia viliivunja nguvu hiyo. Majeshi ya Kijerumani yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walioingia Dodoma mwezi wa Julai mwaka 1916 nao wakachukua vilevile. Mvua ziliposhindwa, hapakuwa na ghala la kufungua wala jamaa wa kukimbilia, maana jamaa naye alikuwa amekwisha kunyang'anywa. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, yakumbukwa Ugogo kwa jina la Mtunya, na wanahistoria wamekadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 katika watu 150,000 hivi wa nchi ile.

Jina lenyewe ni ushahidi. Mtunya katika Kigogo ni kinyang'anyiro. Wale waliookoka hawakuipa njaa hiyo jina la ukame wala la mvua. Waliipa jina la vile watu walivyotendeana, kila mmoja akipora kilichopo kabla mwenzake hajakipora. Kwa maneno ya ibara ya 14, waliona siku ambazo mtu alikuwa hai bado lakini jamii ilikuwa imekwisha kukoma kumhifadhi. Wengi walikufa bila kuuawa na mtu yeyote ambaye mahakama ingeweza kumwita. Historia hiyo yaonyesha wazi kwamba haki ya kutouawa, ikisimama peke yake, haitoshi kumfanya mtu aishi.

Adhabu ya kifo yaingia katika sheria

Wakati huohuo nchi ilikuwa inapata sheria mpya ya jinai. Baada ya Waingereza kukabidhiwa Tanganyika, sheria ya jinai ya Bara Hindi ilitumiwa tangu mwaka 1920, na mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika yenyewe. Kanuni hiyo iliweka adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na iliiweka kwa namna ya lazima: jaji akiisha kuona hatia, hana hiari tena. Haikumtaka atazame umri wa mtu, ila kwa wachache waliotengwa na sheria, wala hali yake, wala jinsi tendo lilivyotendeka. Ni sheria iliyotoka ng'ambo ikaandikwa kwa lugha ya ng'ambo, nayo iliendelea kutumika baada ya uhuru wa mwaka 1961.

Uhuru haukuleta orodha ya haki ndani ya Katiba. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 haikuwa nayo, na tume ya rais iliyoshughulika na mpango wa chama kimoja, iliyotoa taarifa yake mwaka 1965, haikupendekeza iwekwe. Serikali ya siku zile iliona kwamba nchi changa yenye haraka ya maendeleo ingefungwa mikono na kesi mahakamani. Badala yake iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kupokea malalamiko ya raia juu ya matumizi mabaya ya madaraka. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 jaji wa Tanzania aliyetamka adhabu ya kifo hakuwa na ibara ya kuipima kwayo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na Tanzania ikauridhia mwaka 1984. Mwaka huohuo haki na wajibu muhimu viliingizwa katika Katiba, ingawa Sheria Na. 16 ya mwaka 1984 iliahirisha mashauri ya kuzidai haki hizo hadi Machi 1988. Mlango ulipofunguliwa, Mwalusanya alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza kuuingia. Katika shauri la Daudi Pete, huko Mwanza, alitangaza kuwa batili kifungu kilichonyima dhamana, na Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba kifungu kile hakikupatana na Katiba. Wakati huohuo nusu ya pili ya ibara ya 14 ilionyesha nguvu yake Dar es Salaam. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1988 juu ya jalala la Tabata, Jaji Lugakingira aliitegemea ibara hiyo kuionya mamlaka ya mji kwamba moshi na uvundo wa taka vyahatarisha maisha ya wakazi. Hapakuwa na mtu aliyeuawa Tabata. Palikuwa na watu ambao jamii ilidaiwa kuwahifadhi.

Hukumu mbili

Katika kesi ya Dodoma, Mwalusanya aliitazama adhabu ya kifo kwa ibara tatu. Aliona kwamba inapingana na heshima ya mtu iliyolindwa katika ibara ya 13(6)(d). Kwamba ni miongoni mwa adhabu zilizokatazwa na ibara ya 13(6)(e), ambayo yataja kuadhibiwa kinyama, na adhabu zinazomtweza mtu au kumdhalilisha. Na kwamba inavunja haki ya kuishi ya ibara ya 14. Kisha akauliza kama ibara ya 30(2), iruhusuyo sheria kuzipunguza haki kwa manufaa ya umma, yaweza kuiokoa. Akajibu kwamba haiwezi. Kwa maoni yake haikuonyeshwa kwamba adhabu hiyo huzuia uuaji kuliko kifungo cha maisha. Ilikuwa na hatari ya kumwangukia asiye na hatia. Na mtu maskini hakupata utetezi ulio sawa na uzito wa jambo lenyewe.

Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi wake tarehe 30 Januari 1995. Katika jambo moja ilikubaliana na Dodoma, na jambo hilo si dogo: kwamba adhabu ya kifo, kwa asili yake, ni ya kikatili na ya kumdhalilisha mtu. Hata hivyo ilikataa hitimisho. Ilisema kwamba Katiba yenyewe imeruhusu haki zipunguzwe, mradi sheria inayozipunguza isiwe ya kidhalimu na isivuke kiasi kinachohitajiwa. Na kwa kuwa haikuthibitika kwamba kifungo cha maisha huilinda jamii sawasawa na adhabu ya kifo, wala kwamba hakiilindi, uamuzi wa kipi kinafaa ni wa jamii. Adhabu ya kifo ikabaki katika sheria.

Msomaji wa lugha atatambua kwamba hukumu zote mbili zalizunguka neno "jamii", na kila moja yalishika kwa upande wake. Katika hoja ya rufani, jamii ndiyo inayolindwa, nayo ndiyo inayoamua. Katika ibara ya 14, jamii ndiyo inayolinda, na anayelindwa ni "kila mtu". Hoja hizi mbili hazibatilishani, kwa kuwa jamii haiwezi kumlinda kila mtu ila kwa kujilinda yenyewe. Haki yataka isemwe pia kwamba aliyeuawa naye alikuwa "mtu", na kwamba ndugu zake, wafikapo mahakamani, hudai hifadhi ileile ambayo jamii haikumpa marehemu wao. Lakini "kila" ni neno lisiloacha mtu nje. Aliyehukumiwa hakutolewa katika hesabu ya ibara kwa sababu ya tendo lake; akitolewa, hutolewa na sheria nyingine, nayo yapasa ijieleze.

Hapo ndipo lilipo fundo la maneno manne ya mwisho, "kwa mujibu wa sheria". Mujibu ni ndugu wa wajibu. Maana yake ya asili ni jambo linalolazimisha. Mpangilio wa sentensi waruhusu yasomwe kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza maneno hayo yashikamana na hifadhi, ambayo ndiyo iliyotajwa karibu nayo: jamii itamhifadhi mtu kama sheria inavyoilazimisha. Kwa njia ya pili yaizunguka ibara yote: mtu ataishi kadiri sheria inavyoruhusu. Tofauti ni kubwa. Katika njia ya kwanza sheria ni mtumishi wa hifadhi. Katika ya pili sheria ni mpaka wa uhai. Mazoea ya Kiswahili, ambayo huweka kifungu cha namna hii nyuma ya kile kinachoelezwa nacho, yaipa nguvu njia ya kwanza, ingawa hayaifungi njia ya pili. Mahakama zote mbili hazikuichukulia haki ya kuishi kuwa haina mpaka wowote. Zilitofautiana juu ya mahali mpaka ulipo. Swali la sarufi lilikuwa limelala ndani ya ugomvi huo.

Kifungo alichokitoa Mwalusanya nacho chastahili kutazamwa kwa jicho la lugha. "Kifungo cha maisha" ni kifungo kichukuacho maisha na kuacha uhai. Mfungwa yu hai. Lakini mwendo wake, kazi yake, kukaa kwake na jamaa zake, yote yaliyomo katika kuishi, yamezuiwa. Kwa Kiswahili, basi, jaji hakuikataa adhabu nzito. Alichokifanya ni kuuweka mstari kati ya neno moja na jingine: maisha yaweza kupunguzwa na dola kwa kosa kubwa, uhai usiguswe. Maneno ya ibara yalikuwa yameutayarisha mstari huo miaka 10 kabla yake, ingawa katika lugha ya hukumu haukuweza kuonekana.

Yaliyofuata

Hukumu za Dodoma na za rufani zilivuka mipaka. Tarehe 6 Juni 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Makwanyane, iliifuta adhabu ya kifo, na katika kupima hoja zake ilizitaja hukumu za Tanzania. Katika Afrika ya Mashariki mahakama zilichukua njia ya katikati: hazikuifuta adhabu, ila zililiondoa neno "lazima". Mahakama ya Juu ya Uganda ilifanya hivyo mwaka 2009, na ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017. Bunge la Rwanda lilikwisha kuifuta adhabu yenyewe mwaka 2007, katika nchi iliyokuwa na sababu nyingi kuliko nyingine za kutaka kulipiza.

Nchini Tanzania hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, ingawa mahakama ziliendelea kutamka hukumu hiyo, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hangependa kutia sahihi yake. Kisha, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima iliyomo katika kifungu cha 197 yavunja haki ya uhai iliyolindwa na ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika, kwa kuwa yamnyima jaji nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake. Iliitaka Tanzania iondoe ulazima huo katika sheria zake.

Hoja ya Arusha yarudisha fikra kwenye kitenzi "ishi". Adhabu ya lazima hulijua neno moja tu, hai, ambalo halina daraja: mtu ama yu hai ama hayu. Jaji aliyeachiwa hiari hana budi kuuliza mengine: mtu huyu aliishi vipi, wapi, kwa njia gani, chini ya shida zipi? Hayo ndiyo maswali ambayo "ishi" hupokea na "hai" haipokei. Kumnyima jaji maswali hayo ni kumhukumu mtu kana kwamba alikuwa na uhai tu, wala hakuwa na maisha.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na sheria ya mwaka 2018 ikalithibitisha jambo hilo. Bunge, ambalo ndilo lenye uwezo wa kulibadili neno la kifungu cha 197, laketi katika mji uleule alikosoma Mwalusanya hukumu yake, katika nchi ileile iliyoipa njaa jina la kinyang'anyiro. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo ibara ya 14 itakapofika tena mbele ya majaji, yaweza kusomwa na kuamuliwa kwa lugha iliyoandikiwa. Hapo watakutana na maneno matatu, wala si moja. Itawapasa waseme ni lipi kati yake ambalo jamii yaweza kumpunguzia mtu, na ni lipi ambalo, likiisha kuondolewa, hapabaki mtu wa kurudishiwa chochote.